Kusi inakuja, na mimi ndiye nitakayelisha nyumba tena. Nijifunzeje kutoa bila kinyongo?

“Shikamoo mshauri. Nipo kwenye ndoa mwaka wa nane, watoto watatu, tunakaa Tanga mjini. Mume wangu ni mvuvi, diko lake, yaani anakoshushia samaki, ni Sahare, ana boti ya shirika na kaka yake. Mimi nauza vitafunwa asubuhi: bagia, mihogo ya kukaanga na chai. Msimu wa upepo wa kaskazi mume wangu anaacha hela ya matumizi bila kuombwa. Upepo wa kusi ukianza tu, mambo yanageuka. Mwaka jana nilikopa kikoba laki mbili na nusu, nikatengeneza mashine ya boti na kumalizia kodi ya nyumba. Kaskazi iliporudi alimpelekea mama yake Pangani hela ya kuezeka bati, mimi hata ahsante sikuipata. Sasa redioni wametangaza mwelekeo wa Juni mpaka Agosti, naye ananiambia ‘jiandae’. Nikilisikia neno hilo naishiwa nguvu. Mama mkwe anasema mke haweki hesabu na mumewe. Shoga yangu anasema pesa ya mke ni ya mke, nisitoe hata mia. Nataka kujifunza kutoa kwa moyo mmoja, ila sitaki kufanywa mjinga. Na huo utabiri, ni wa kuaminika kiasi gani mtu apangie nyumba? Halafu nina akiba kidogo kwenye simu ambayo mume wangu haijui. Nimwambie?”

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu, lakini nikisoma barua yako sioni mtu anayeogopa kutoa. Anayeogopa kutoa hakopi kikoba kwa jina lake ili mashine ya mwenziwe iwake. Wewe unaogopa kutoa mara ya pili wakati ile ya kwanza bado haijazungumzwa. Usikubali mtu akuite mchoyo kwa hilo, na wewe mwenyewe usijiite.

Tuanze na washauri wako wawili, maana kila mmoja amekupa nusu ya maneno.

Shoga yako ana haki upande mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mkewe kwa makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mume pale mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au majeraha ya mwili au akili. Upepo haumo. Ukienda kwa sheikh utaambiwa lile lile: matumizi ya nyumba ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke. Wengi wetu tumekisikia madrasa kisa cha Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud, aliyetaka kujua kama anachomtumia mumewe na mayatima anaowalea kinahesabiwa sadaka, akajibiwa kwamba ana ujira mara mbili. Mambo yasingekuwa hivyo kama angekuwa analipa deni lake. Kwa hiyo ulichotoa mwaka jana kilikuwa zawadi, na mumeo anapaswa kukijua hivyo.

Anapokosea shoga yako ni hapo kwenye “hata mia”. Watoto hawasubiri maleleji, yaani kusi ipoe upepo ubadilike, ndipo wale. Ukishika kamba hiyo kusi nzima, utakuwa umeshinda kesi na nyumba imelala njaa, na wewe umo ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Mama mkwe naye kakosea kwenye hesabu. Mke anahesabu, mume anahesabu, kila mtu anahesabu, awe amekiri au hakukiri. Tatizo ni hesabu ya kimyakimya. Ile unayoifanya usiku umelala umegeukia ukutani: laki mbili na nusu, bati la Pangani, siku ile aliponijibu vibaya mbele ya jirani. Hesabu ya namna hiyo haina siku ya kufungwa, na anayedaiwa hajui kama anadaiwa. Mwaka 1979 watafiti wawili huko Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa kila mmoja peke yake anafanya sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Walipojumlisha majibu ya mume na mke, kwa kawaida jumla ilipita kile ambacho nyumba nzima inaweza kuwa nacho. Sababu yake si uongo. Wewe ulikuwepo ulipokopa, ulikuwepo kwenye marejesho ya kila wiki, unakumbuka hata nguo uliyovaa siku ya kwenda kuomba. Yeye alipotoka saa tisa za usiku na bahari imechafuka hukuwepo; ulisikia mlango tu. Kila mmoja anakikumbuka cha kwake kwa macho na cha mwenziwe kwa kusimuliwa.

Sasa kuhusu upepo. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nusu ya ugomvi wa nyumba za wavuvi wa pwani yetu ninaousikia kati ya Juni na Agosti ni ugomvi na kusi, ila watu wameuvalisha jina la ndoa.

Kuanzia Mei jua limeshahamia kaskazini ya ikweta. Kule bara la Asia nchi inapata joto na hewa inapanda. Huku kusini mwa Bahari ya Hindi, jirani na visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius na Réunion na mwenzao Rodrigues, ni majira ya baridi, na mgandamizo mkubwa wa hewa unaimarika. Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo, na njia yake ni huku kwetu. Ndiyo kusi. Inasafiri masafa marefu juu ya bahari, ndiyo maana wimbi lake ni zito hata siku ambayo ukisimama Raskazone unaona upepo wa kawaida tu. Na mkondo wa bahari unaopanda kaskazini nao huongeza kasi majira hayo, kwa hiyo nyavu zinaburutwa na mafuta ya boti yanaliwa zaidi. Mumeo anaweza kutoka na kurudi na samaki wachache wasiolipa hata petroli. Hapo hakuna uvivu.

Kuhusu utabiri, usichanganye vitu viwili. Uliousikia redioni ni mwelekeo wa msimu wa Kipupwe, unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Unazungumzia miezi mitatu kwa jumla: joto, upepo na mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake, na kwa uwezekano. Ni wa kuaminika kwa kazi yake, na kazi yake ni kukuambia ujipange kwa msimu wa namna gani. Haukuambii kama Jumanne ya wiki ya pili ya Julai boti itatoka. Hilo lipo kwenye utabiri wa kila siku na wa siku tano, pamoja na tahadhari. Tahadhari utazijua kwa maneno yake: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kwa pwani ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam na visiwa vya Unguja na Pemba. Chini huwa kuna mstari watu wengi wanauruka, unaosema athari zinazoweza kujitokeza ni kuathirika kwa baadhi ya shughuli za uvuvi na usafirishaji baharini. Wewe usiuruke. Mstari huo unazungumzia sufuria yako.

Mwelekeo ukisema upepo ni wa wastani, usifurahie haraka. Wastani wa kusi bado ni kusi. Mimi ningekuwa wewe ningepanga kwa kumuuliza mume: mwaka jana Julai mlitoka mara ngapi, na mara ngapi mlirudi na kitu? Mvuvi anakumbuka. Na kusi ina mapengo yake. Kuna asubuhi upepo umelala kabla jua halijapanda, kuna siku za maji mafu ambapo mikondo inapungua nguvu, kuna kazi ya ndani ya miamba pasipo mawimbi makubwa. Kama anavua dagaa kwa taa, usisahau na mwezi: siku za mbalamwezi hakuna kazi hata bahari iwe kama kioo. Kipato kitakuja kwa vipande. Panga kwa vipande.

Sasa mtazame mwanaume huyo aliyekaa nchi kavu. Amelelewa akijua mume ni yule anayeacha hela mezani. Miezi tisa anaacha. Ghafla anaamka, mkewe ameshakaanga, ameshauza, ndiye anayenunua hata vocha. Wachache sana watakwambia “naona haya”. Wengi hununa, hukaa barazani mpaka usiku, hupata kosa kwenye mchuzi. Na kuna wanaosema “jiandae”, neno moja, kwa sauti ya amri, kwa sababu kusema “naomba unisaidie tena” kunawashinda. Simtetei. Anakosa adabu ya kushukuru, na hilo lazima lisemwe. Lakini ukimjibu kama mtu anayekudharau, wakati huenda ni mtu anayejidharau, mtapishana mpaka Oktoba.

Njia ulizonazo ni hizi, na kila moja ina gharama yake.

Kutoa vyote na kunyamaza, kama anavyotaka mkweo. Inaonekana ya amani. Nimekaa na wanawake walioifuata miaka kumi na zaidi, na wakija kwangu hawaji na suala la fedha tena. Wanakuja wamemchoka mtu. Siipendi njia hii na sitakushauri.

Kumkopesha, tena kwa maandishi. Kwa unga na mafuta ya taa haifai, nyumba itageuka duka. Lakini kwa kitu kikubwa cha kazi, kama mashine au nyavu, naiona njia safi kabisa. Na hapa kuna jambo ambalo huenda hukulitazama: boti ni ya shirika na kaka yake. Ulipotengeneza mashine, ulimsaidia na shemeji yako apate riziki. Shemeji alitoa nini? Mkopo wa kikoba upo kwa jina lako, marejesho unayatoa kwenye bagia zako, na faida inagawanywa na watu wawili ambao wewe si mmoja wao. Kusi hii mashine ikiharibika tena, usikope wewe. Washirika wakae, wachange, au waombe mkopo kwa majina yao. Ukiwa na cha kuongeza, ongeza baada yao.

Kuweka mfuko wa kusi wakati wa kaskazi ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na kwa mwaka huu mmeshachelewa. Mwafaka wake ufanyeni sasa hivi mkiwa bado mnaumwa na pengo, kwa sababu Januari samaki wakiwa wengi hakuna atakayekumbuka. Kila mgao mzuri, kabla ya bati, kabla ya nyavu mpya, kuna fungu linaondoka kwanza. Kiasi chake mkubaliane nyinyi.

Inabaki kutoa kwa makubaliano, na hapo ndipo mtu anapojifunza kutoa kweli. Tafuta siku ambayo hajatoka baharini muda huo na usiku wake haendi. Watoto wawe wamelala. Chukua daftari la shule, andikeni pamoja kodi, chakula, marejesho ya kikoba, dawa, madaftari ya watoto. Halafu kabla ya kugawana, mwambie ya mwaka jana. Kwa maneno yako, lakini yawe mafupi, mfano: “Baba fulani, mwaka jana nilitoa laki mbili na nusu. Sikudai. Iliniuma kuona kaskazi nzima imepita hatujaitaja.” Kisha nyamaza. Usiongeze bati la Pangani. Kumwezekea mama ni wajibu wake pia, na ukilileta hapo atamtetea mama yake badala ya kukusikiliza. Lililokosekana kwenye bati ni wewe kuambiwa, na hilo lina siku yake.

Atajibu anavyojua. Pengine atasema “kwani sikujua?” Ahsante ya wanaume wengi wa umri wake huja kwa mlango wa nyuma.

Kwenye daftari hilo kuna mstari mmoja usiguswe na yeyote: mtaji wako. Unga wa dengu, mafuta, mkaa, mihogo ya kesho. Tuseme mtaji ni elfu arobaini na leo mmekula elfu kumi ndani yake. Kesho utakaanga pungufu, utauza pungufu, na keshokutwa hakuna cha kula wala cha kukaanga. Toa kwenye faida, tena kiasi mlichokitaja kwa tarakimu. “Nitasaidia ninapoweza” ni ahadi isiyo na mwisho, na ahadi isiyo na mwisho ndiyo inayozaa kinyongo.

Na yeye atoe nini, wakati hana hela? Hapa wanawake wengi mnawaachia waume upenyo bila kujua. Mwanaume asiye na fedha ana mikono. Kubeba mkaa na maji mpaka kwenye meza yako saa kumi na moja alfajiri. Kumenya mihogo. Kuwapeleka watoto shule. Kushona nyavu kwa ujira kwa tajiri mwenye boti kubwa, kazi ambayo kusi haikosekani. Mume mmoja aliyewahi kuja kwangu na mkewe alikuwa akiacha elfu saba kila siku, na akiamini inabaki. Nilimwomba aende sokoni mwenyewe kwa wiki, na orodha ya mkewe mkononi. Siku ya tatu alirudi na nazi moja, akasimama mlangoni akamuuliza mkewe, “Jana ulinunua mbili kwa hela ipi?” Mkewe akamjibu ni ya akiba yake, miaka yote. Hakuna hotuba yangu ambayo ingefanya kazi ya nazi ile.

Kuna upande mwingine wa kutoa ambao hukuuliza, nao ni kupokea. Siku ya kusi mvuvi anarudi na kitoweo tu, changu wawili wamepitishwa ukindu kwenye mashavu. Ukipokea ukasema “ndiyo hawa tu?” umemfundisha kwamba kidogo hakina maana, na kesho akipata kidogo atakipitishia kwingine, asikilete nyumbani. Wapokee, wapake chumvi na ndimu, watoto waambiwe ni baba kaleta. Sisemi umwigizie furaha. Nasema kidogo chake kihesabiwe kama unavyotaka kidogo chako kihesabiwe.

Na tafadhali, tahadhari ikitolewa asitoke kwa sababu ya maneno ya nyumbani. Kuna wanaume wanaoingia baharini siku mbaya kwa sababu asubuhi waliambiwa “wenzako wanatoka”. Hata mkiwa mmenuniana, siku hiyo mwambie abaki.

Yote niliyoyasema yanafaa kwa nyumba yenye watu wawili wanaoheshimiana hata kama wamechoka. Zipo hali ambazo barua haitoshi. Akichukua fedha zako kwa nguvu, akikupiga au kukutishia, hapo suala la kujifunza kutoa limekwisha. Kifungu cha 66 cha sheria ile ile kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Akianza kulewa kila siku, au hapati usingizi, au anasema maneno ya kuchoka na maisha, usiyachukulie kuwa ni hasira za kusi. Mpelekeni hospitali, na msimwache peke yake wala kumwachia aende baharini.

Kama ni mazungumzo tu yamegoma, anzeni na mshenga wenu au mzee mmoja kutoka kila upande, mtu anayeweza kumwambia mumeo ukweli asikasirike. Ikishindikana kuna kadhi, na kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Watu hulikimbia wakidhani ni mlango wa talaka, wakati kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha. Beba lile daftari. Wala usidhani mchango wako ni mashine na kodi peke yake. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kazi za mke za nyumbani zinatambuliwa kama mchango kwenye mali ya ndoa. Nakueleza ujue uzito wako ukikaa mezani, sikutumi mahakamani.

Limebaki la akiba ya kwenye simu. Kuwa na akiba yako si kosa, na mwanamke mwenye watoto watatu asipokuwa nayo ningemlaumu. Kama kuna hata chembe ya hofu kwamba akijua ataichukua, usimwambie, na hilo peke yake ni sababu ya kwenda kumwona mtu uso kwa uso. Kama hakuna hofu, mwambie ipo, kwenye kikao kile kile cha daftari, baada ya kugawana majukumu na si kabla. Kiasi si lazima ukitaje, namba ya siri usiitoe. Mwambie ni ya ugonjwa wa watoto na haihesabiki kwenye matumizi. Akiigundua mwenyewe Julai, na unga umeisha, itakuwa taabu kumweleza kwa nini ilikuwa imefichwa.

Niandikie baada ya kikao, na uniambie shemeji alisemaje kuhusu mashine.